Sehemu ya Tatu ya Mujenga-Daraja

Katika kambi za wafanyakazi wa Kolwezi, filamu haikuwa na jina mpaka watu waipe. Jina lililoandikwa ubavuni mwa sanduku la mikanda lilibaki hapo hapo kwenye sanduku. Watu walitazama, wakatoka ukumbini wakibishana, na kabla wiki haijafika katikati filamu ilikuwa imeshabatizwa upya kwenye foleni ya bomba na mlangoni mwa kantini. Ndiyo maana mgeni aliyepita mtaa wa Dilala miaka ile na kusikia watu wakigombana juu ya Wandugu wa Upanga, Bibi-Arusi wa Nyimbo na Mujenga-Daraja, asingeweza kuzipata filamu hizo katika orodha ya mji mwingine wowote.

Ugomvi wenyewe ulianza mwaka ule ukumbi wa kambi ulipopata mabati mapya. Paa lilikuwa limetoboka katika vita vya sabini na nane, na kwa misimu kadhaa mvua ilinyesha juu ya mabenchi ya saruji. Paa lilipokamilika, kamati ya ukumbi iliamua kufungua kwa heshima: filamu moja kubwa ya sehemu tatu, sehemu moja kila Jumapili mchana, kwa Jumapili tatu za mwezi wa saba. Filamu ingetoka Lubumbashi kwa treni. Moja tu. Watu wenyewe ndio wangesema ipi ni bora kuliko zote, na zinazofuata zipangwe chini yake kwa haki.

Katibu wa kamati alikuwa Mianda, binti wa Ngeleka, mwanamke wa miaka thelathini na kidogo aliyefanya kazi katika maabara ya kupima mawe. Kutwa nzima aliyeyusha unga wa mawe katika asidi na kusema ndani yake mna shaba kiasi gani. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Watu walimwamini kwa sababu hiyo, na kwa sababu hiyo hiyo walimtania.

Siku ya kupanga, ukumbi ulijaa. Masudi, mfanyabiashara mwenye lori, ambaye wazazi wake walitoka upande wa Maniema, aliitetea Wandugu wa Upanga. Alieleza kwamba filamu ya sehemu tatu hupimwa kwa ile ya tatu.

"Ya kwanza kila mutu anaweza kuitengeneza," alisema. "Mutu anakufa, mwingine anataka kulipiza. Ya pili unarudilia tu. Ya tatu njo inaonyesha kama uko na kichwa."

"Ya tatu ya kwako, ule adui alikufa mu ya kwanza," alijibu Mama Mwamini, muuza vitambaa, akiwa ameketi bila kugeuza shingo. "Tulimuzika shiye bote. Anarudia namna gani?"

"Ilikuwa ndugu yake."

"Ndugu yake, na kovu ile ile?"

Ukumbi ulicheka. Masudi naye hakulala. Alikumbusha kwamba katika sehemu ya tatu ya Bibi-Arusi wa Nyimbo, aliyoipenda Mama Mwamini, kila mtu anaolewa. Hata mbuzi alipata bwana.

Basi ikaja zamu ya Mujenga-Daraja, na hapo sauti zilishuka. Ile haikuwa na rangi wala nyimbo. Katika sehemu ya kwanza kijana anajenga daraja ili amfikie mwanamke wa ng'ambo. Katika ya pili, askari wanapita juu ya daraja lile lile, na mwanamke anaondoka pamoja nao kwa treni. Sehemu ya tatu kila mtu aliizungumza polepole, kama anayesimulia ndoto kabla haijamtoka. Mtu yule amekuwa mzee. Yuko katika nchi nyeupe isiyo na mto, na anachunga kondoo. Wengine walisema weupe ule ni theluji, wengine walisema ni chumvi, na wazee wa machimbo ya Mutoshi walishikilia kwamba ni vumbi la mawe linalobaki baada ya kusagwa, maana wao walikuwa wameona uwanda wa namna hiyo kwa macho yao. Mzee yule halitaji daraja hata mara moja. Asubuhi moja kondoo wanasimama pale pakavu, kama wamefika majini, na yeye anawavusha mmoja mmoja, akiwagusa mgongo, mpaka wanaisha. Ndipo tunajua kwamba mto ameubeba ndani yake miaka yote.

Mianda aliwasikiliza akiwa ameshika chaki. Yeye ndiye mtu mzima pekee wa kambi ambaye hakuiona. Mwaka wa sabini na tatu, ilipoonyeshwa, alikuwa chuoni Lubumbashi. Aliyewasimulia wengine alikuwa baba yake. Tata Ngeleka, kama kambi ilivyowaita akina baba, alikuwa mukalimani wa ukumbi: alisimama kando ya pazia na kijiti chake, sauti ya mashine ikapunguzwa, naye akaeleza kwa Kiswahili kila kilichopita. Filamu zilikuja na lugha za kila namna, na mikanda mingi ilikuwa kuukuu, mianzo yake imekatika. Bila mukalimani, watu walisema, unaona bazungu banafungua midomo tu. Mianda alimwomba mara nyingi amsimulie ile ya tatu. Baba alikataa kila mara, akisema filamu haisimuliwi katika nyumba ambamo sufuria zinaoshwa. Itarudi siku moja. Masika iliyopita kiharusi kilimchukua ulimi. Sasa alikaa katika kiti cha magurudumu, akiitikia kwa kichwa, akimtazama kila msemaji mdomoni.

Kwa hiyo Mianda alitaka Mujenga-Daraja ishinde, na hakulificha jambo hilo. Hakuitetea kwa neno hata hivyo. Haikuhitaji kutetewa. Watu walipotakiwa kuhamia upande wa filamu waliyoichagua, mabenchi ya kushoto yalijaa hata watu wakakaa sakafuni. Akaandika ukutani: Mujenga-Daraja ya kwanza, Wandugu wa Upanga ya pili, Bibi-Arusi wa Nyimbo ya tatu. Baba yake, kitini, alitazama maandishi kwa muda mrefu. Uso wake haukuonyesha furaha. Mianda alidhani ni ugonjwa.

Mikanda ilifika Alhamisi, pamoja na mwenye kuikodisha, Tshibangu, mtu mnene wa Lubumbashi aliyependa kusafiri na mali yake. Masudi, ingawa ameshindwa, alileta lori lake stesheni kubeba masanduku. Hakuwa mtu wa kununa. Kulikuwa na baridi ile ya mwezi wa saba, ukungu umelala juu ya reli, na moshi wa mikaa ya wauza chai hauinuki. Mianda alikagua masanduku kama alivyokagua sampuli. Yalikuwa ya sehemu mbili.

Aliuliza ya tatu iko wapi. Tshibangu alimtazama kama mtu aliyeulizwa habari za mguu wa tatu wa kuku.

"Mama, hii filamu iko na sehemu mbili. Haikupata kuwa na ingine."

Mianda alimweleza kwa utaratibu: mzee, nchi nyeupe, kondoo. Tshibangu alikunja paji la uso. Kisha akaanza kucheka, kwanza kwa tumbo, halafu kwa mabega. Alikumbuka. Mwaka ule masanduku yalichanganyika ghalani mwake, akaleta Kolwezi filamu nyingine kabisa, ya wachungaji wa nchi za baridi. Hakuna hadithi ndani yake, alisema. Watu wanachunga, wananyoa manyoya, basi. Aliposubiri barua ya malalamiko, haikuja. Akafikiri watu wa Kolwezi wana moyo mzuri.

"Ile filamu bado unayo?" aliuliza Mianda.

Anayo. Angeweza kuituma kwa treni ya wiki inayofuata.

Masudi alikuwa amesimama nyuma yao, sanduku begani. Alikuwa amesikia yote. Tshibangu alibaki stesheni kungoja treni ya kurudi. Walipokuwa njiani ndani ya lori, wakipita kando ya shimo kubwa la machimbo ambalo ukungu ulikuwa umelijaza mpaka ukingoni kama maziwa, Masudi aliendesha polepole. Fundi wa mashine wa zamani ndiye mtu mwingine wa kambi ambaye angejua, naye alikuwa amehamia Kisenge, na inasemekana huko alifariki. Mianda alikuwa akipima. Kama jambo likijulikana, baba yake ataitwa mwongo katika kambi nzima, na hana ulimi wa kujibu. Kama lisipojulikana, maandishi ya ukutani ni ya uongo, na mkono ulioyaandika ni wake.

Masudi alisimamisha lori mbele ya ukumbi. Alizima injini ndipo akazungumza.

"Mi sitasema, mutoto yangu. Ngeleka ni rafiki yangu. Lakini weye unapima majiwe. Ukiona mu jiwe hamuna shaba, unaandika nini?"

"Naandika hamuna, Tata."

"Bon," alisema Masudi, akashuka kupakua.

Jumapili ya kwanza daraja lilijengwa. Jumapili ya pili askari walipita juu yake. Hakukuwa na mukalimani. Sauti iliwekwa juu, na vijana waliosoma waliwatafsiria wazee Kifaransa kwa kunong'ona, kidogo kidogo. Watu walitoka wakisema subirini, ile yenyewe bado. Kila aliyesema hivyo alipita mbele ya kiti cha Ngeleka na kumshika mkono.

Katikati ya wiki Mianda alikaa na baba yake uani. Jua la kiangazi lilikuwa limelala juu ya ukuta, jembamba, bila joto. Alimweleza alichosema Tshibangu, bila kuongeza wala kupunguza. Kisha akauliza kama alijua siku ile kwamba mikanda si yenyewe.

Baba aliitikia kwa kichwa.

Aliuliza kama alijua kabla mashine haijawashwa. Hapana. Alijua baada ya kuwashwa, pazia likiwa limeshajaa kondoo na ukumbi umeshamgeukia? Ndiyo. Mianda aliweza kumwona: mtu amesimama kando ya pazia na kijiti, nyuma yake mnyama asiyehusika, mbele yake watu waliongoja wiki nzima wajue kijana wa daraja alipatwa na nini. Angeweza kusema, jamani, si yenyewe. Badala yake alifungua mdomo.

Swali la mwisho lilikuwa gumu zaidi, naye aliliuliza wazi wazi, kwa sababu hakujua njia nyingine. Je, alitaka watu waambiwe?

Mzee hakuitikia wala hakukataa. Aliendelea kuutazama mdomo wa binti yake, kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba maneno yake mwenyewe yangetokea hapo. Baadaye alifumba macho. Mianda alikaa mpaka jua lilipotoka ukutani.

Jumapili ya tatu watu walikuja mapema. Wengine walitoka Mutoshi kwa miguu wakiwa wamevaa makoti ya kanisani. Masudi alikaa katikati, mikono imekunjwa. Mama Mwamini alikuwa amekiri kwamba, kwa kondoo tu, angekubali kushindwa. Kazadi, fundi wa mashine wa sasa, alikuwa tayari kuzima taa za ukumbi. Mianda alimpa ishara angoje.

Alikwenda mbele, mahali alipozoea kusimama baba yake. Alisema kwamba Mujenga-Daraja ina sehemu mbili. Kwamba wanayokaribia kuiona ni filamu ya wachungaji, ya watu wengine na nchi nyingine, iliyoletwa hapa kwa makosa mwaka wa sabini na tatu. Kwamba baba yake aliligundua hilo pazia likiwa limeshawaka, akaiunganisha na zile mbili kwa maneno yake, akijua anachofanya. Filamu ya sehemu mbili haiwezi kupangwa na za sehemu tatu. Kisha akachukua kitambaa, akafuta jina la Mujenga-Daraja ukutani, akaandika Wandugu wa Upanga mahali pake. Chaki ilikwaruza.

Hakuthubutu kumtazama baba yake. Aliwatazama watu. Mzee mmoja wa Mutoshi alikuwa amefungua mdomo. Kijana mmoja wa nyuma alianza kucheka, akanyamaza alipoona hakuna mwenzake. Mtu fulani alisema, kwa sauti ya chini lakini ya kusikika, kwamba basi Ngeleka alibacheza bote, aliwahadaa. Mwingine akajibu kwamba yeye alilia siku ile, na anataka kujua alimlilia nani.

"Ulilia ju ya kondoo," alisema Mama Mwamini. "Si mbaya. Banaume banalia ju ya mupira."

Kicheko kilipita, kifupi, kisicho na meno. Kilipoisha, wote walikuwa wakimtazama Masudi. Yeye ndiye aliyekuwa ameshinda. Alisimama, akatengeneza koti.

"Ya kwangu njo ya kwanza sasa," alisema. "Sawa. Ni haki. Imeandikwa na chaki." Akageukia nyuma. "Kazadi, unangojea nini? Tulikuya kuangalia."

Taa zikazimwa.

Mkanda ulikuwa umechakaa kuliko Mianda alivyotarajia. Mistari myeupe ilinyesha juu ya picha, na ndani ya mvua ile ilitokea nchi pana, tambarare, isiyo na mti. Hakuna jina, hakuna mwanzo. Mzee alikuja kutoka mbali sana, mdogo kama punje, na ilichukua muda mrefu mpaka akawa mtu. Mianda alimchunguza. Masikio yake hayakuwa ya kijana wa daraja. Pua ilikuwa nyingine. Mikono ilikuwa ya mtu ambaye hajawahi kushika nyundo maishani.

Sauti ya mashine ilikuwa ndogo. Katika mkanda huo watu hawakusema chochote cha maana. Ukumbi ulikuwa ukingoja. Alitambua kwa kuchelewa kwamba bado amesimama mahali pa mukalimani, na kwamba wanamngoja yeye.

"Huyu ni mzee," alisema. "Ana kondoo. Na mbwa."

"Tunaona, mama."

"Wanakwenda kushoto."

"Citoyenne," sauti ilitoka gizani, ikimwita raia kwa Kifaransa cha ofisini, "hii haiko rapport ya laboratwari."

Safari hii walicheka vizuri. Mianda alijaribu tena. Alisema mzee anasimama kwa sababu amechoka.

"Hapana," alisema mzee wa Mutoshi. "Hakuchoka. Alisikia kitu."

"Alisikia maji," alisema mwingine.

"Bado. Maji yanakuya nyuma. Pale alisikia treni."

"Treni gani, mu ile pori?"

"Ile ya basoda, bale baaskari ba mu daraja. Mu kichwa yake. Ngeleka alisema vile: treni ya mu kichwa haina stesheni."

Mianda hakuwahi kuyasikia maneno hayo. Aliyajua hata hivyo ni ya nani. Yalikuwa na kipimo chake, namna yake ya kukaa kidogo kabla ya neno la mwisho. Alitoka polepole mahali alipokuwa, akapapasa ukuta mpaka kwenye kiti cha baba yake, akaketi chini kando ya magurudumu. Nyuma yake ukumbi wote ulikuwa umeanza kusema. Hawakusema kwa pamoja. Mmoja alianza sentensi, mwingine akaikatalia, wa tatu akaisahihisha, na ilipokubaliwa wote walishusha mabega, kama watu wanaotua mzigo, kisha wakaendelea. Mama Mwamini alikuwa na maneno ya mke ambaye haonekani popote katika mkanda. Mzee wa Mutoshi alikuwa na upepo. Masudi alikuwa na yaliyobaki, nayo yalikuwa mengi. Ilidhihirika kwamba mtu wa panga na visasi alikuwa ameibeba ile ya tatu, neno kwa neno, kwa miaka yote aliyokuwa akiipinga.

Kondoo walifika wakasimama. Mzee akaanza kuwapitisha, mkono juu ya mgongo wa kila mmoja. Mianda, ambaye alihesabu vitu kwa riziki yake, aliona wazi kabisa kwamba mtu yule anahesabu kondoo. Midomo yake ilikuwa ikitaja namba. Aliliona hilo, na wakati huo huo aliuona mto. Hayakugombana. Alishangaa kidogo kwamba hayakugombana.

Aligeuka kumtazama baba yake. Mwanga wa pazia ulikuwa juu ya uso wake wote. Hakuwa akitazama kondoo. Alikuwa amegeuza kichwa kuelekea mabenchi, akimtazama kila msemaji mdomoni, na mahali fulani, Masudi alipokosea neno, mzee alitikisa kichwa, kwa nguvu, hapana, hapana. Masudi akaona. Akarudi nyuma, akajaribu neno lingine, kisha lingine, mpaka kichwa kilipoitikia.

Mkanda ulikuwa mfupi kuliko walivyokumbuka wote. Katikati ya sentensi ya Masudi ulikatika, mkia wake ukawa unapiga kwenye gurudumu, tap, tap, tap, na pazia likawa jeupe tupu. Mzee wa kondoo alikuwa bado hajafika ng'ambo. Masudi alisita, akamtazama Ngeleka, kisha akaendelea, na watu walibaki wameketi, macho mbele. Kazadi aliusimamisha mkanda kwa kidole ili usipige kelele. Taa ya mashine aliiacha ikiwaka.